Kodi ya miezi sita, mafuta ya kipimo: kisa cha nyumba moja Tabata

Mdogo wangu alinipigia simu usiku wa tarehe 2 Mei 2025. Salamu zilikuwa fupi. "Dada, mama mwenye nyumba amepandisha. Kuanzia Julai ni laki na arobaini." Nikamuuliza sababu. "Anasema amesikia kwenye redio tumeongezwa mishahara."

Jana yake, kwenye sherehe za Mei Mosi Singida, Rais Samia alikuwa ametangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mdogo wangu si mtumishi wa umma. Ni mtunza stoo kwenye duka la vipuri Gerezani, Kariakoo, mshahara wake wa mkononi ni 400,000, na bosi wake Mei Mosi alifungua duka kama kawaida. Lakini redio ilishasema, na bibi mwenye nyumba alishasikia.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana, mwaka wa tisa sasa. Mtu akiniletea shida ya hela, jibu langu la kwanza huwa moja: leta daftari. Hata ndugu wa tumbo moja simpi ushauri kabla sijaona daftari. Yeye hakuwa nalo, kwa hiyo nikamwambia aanze siku ile ile, yeye na wifi, waandike kila shilingi hadi tarehe 31, na mimi nitapita Jumapili kukagua. Wamenikubalia niandike kisa hiki bila majina.

Alikuja na tatizo la 20,000 kwa mwezi. Kwenye daftari tulikuta makubwa zaidi.

Nyumba yenyewe

Ni chumba na sebule Tabata, nyumba ya uani yenye wapangaji sita, choo cha pamoja, mita moja ya umeme, na bomba moja lenye kufuli ambalo ufunguo wake anakaa nao bibi. Wana mtoto wa miaka mitano anayekwenda chekechea. Wifi anakaanga vitumbua na chapati kila asubuhi isipokuwa Jumapili, anauza pembeni ya barabara karibu na shule, na akitoa unga, mafuta na mkaa wa biashara anabaki na 6,000 kwa siku. Kwa siku 26 hiyo ni 156,000. Ukijumlisha na mshahara, nyumba inaingiza 556,000 kwa mwezi.

Waliingia hapo 2022. Siku ile walilipa miezi sita ya 120,000, mwezi mmoja wa dalali, na 20,000 ya kuonyeshwa vyumba, ambayo dalali anaichukua hata kama chumba alichokuonyesha ukuta wake unatoa jasho. Jumla 860,000 kabla ya kununua hata ndoo. Tangu hapo, kila miezi sita wanatakiwa 720,000 kwa mkupuo. Linganisha na 556,000 inayoingia: hakuna mwezi hata mmoja ambao nyumba hii ingeweza kulipa kodi yake, hata kama wangefunga mdomo wasile, wasipande daladala, mtoto asiende shule.

Januari 2025 walilipaje? Walikuwa na 250,000 za mchezo, wifi alikuwa amepokea zamu yake. Zilizobaki walikwenda kukopa kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Fomu ilisema 500,000. Mkononi zilifika 470,000, kwa sababu 30,000 zilikatwa za fomu na bima, na bima ya nini hakuna aliyewaeleza. Dhamana ni televisheni na kitanda. Marejesho 80,000 kila Jumatatu kwa wiki nane, yaani 640,000. Walichukua 470,000, wakarudisha 640,000. Tofauti ni 170,000.

Sasa gawanya. Kodi 720,000 ukijumlisha 170,000 ni 890,000, na kwa miezi sita ni 148,000 na ushee kwa mwezi. Chumba cha 120,000 kilikuwa kinawagharimu 148,000 kabla bibi hajafungua redio.

Na hizo 80,000 za kila Jumatatu zilitoka wapi? Vitumbua vya wiki nzima vinaleta 36,000. Zilizobaki ziling'olewa kwenye mshahara, na mshahara ukishang'olewa hivyo, nyumba inahamia kwa Mangi, mwenye duka la mtaani anayekopesha. Mkopo uliisha Machi. Daftari la Mangi halikuisha: tarehe 1 Mei walikuwa wanadaiwa 94,000 za sembe, sukari na sabuni zilizoliwa na kuogewa zamani.

Daftari la Mei

Mwandiko ni wa wifi karibu wote. Mdogo wangu aliandika siku nne akachoka.

Chakula kwanza. Mafuta ya kula 31,000, sembe 32,400, mchele 45,000, sukari 12,800. Mboga, dagaa, nyanya, vitunguu, nyama ya Jumapili, pamoja na sabuni na viberiti, wastani wa 3,500 kwa siku, hiyo 108,500. Jumla 229,700.

Mkaa wa nyumbani 46,500. Maji 15,500. Mchango wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, 10,000. Taka na ulinzi wa mtaa 5,000. Jumla 77,000.

Nauli, 600 kwenda na 600 kurudi kwa siku 26, ni 31,200. Chakula cha mchana kwa mama ntilie, 2,500 kwa siku, 65,000. Hapo nilinyanyua macho, mdogo wangu akaangalia dari.

Bando na makato ya simu 21,000, kwa sababu kila anayetumiwa hela siku hizi anataka "weka na ya kutolea". Chekechea 30,000. Mama yetu kijijini 20,000. Mchango wa harusi 50,000 na rambirambi 10,000.

Ukijumlisha yote ni 533,900. Zilibaki 22,100, zikaenda kwa Mangi, deni likashuka hadi 71,900. Kwenye safu ya kodi ya nyumba wifi alikuwa ameandika sifuri, akaipigia mstari mara mbili.

Niseme wazi kuhusu ile michango, maana ndiyo niliyoishambulia kwanza. Nilimwambia wifi kadi za harusi azirudishe. Hakugomba, ila alinikumbusha mwaka ambao mtoto alilazwa, akanitajia mmoja mmoja wanawake waliokuja na bahasha, na wote walikuwa watu wa kadi hizo hizo. "Wifi, hii ndiyo bima yangu, na hii angalau najua inakata nini." Nikanyamaza. Tulikubaliana Juni atoe 20,000, zaidi ya hapo hapana.

Kipimo

Jumapili ya tatu nilikwenda na chupa ya maji ya nusu lita. Wifi ananunua mafuta kwa kipimo, kile kikopo cha 500 ambacho Mangi anakichota kwenye dumu na kukimimina kwenye chupa yako huku mwingine nyuma yako anaagiza kiberiti. Vipimo saba vilikaribia kuijaza chupa yangu. Maana yake nusu lita ni 3,500, na lita ni kama 7,000. Dumu la lita tano Kariakoo, hatua chache kutoka anapofanya kazi mumewe, lilikuwa 25,000, yaani 5,000 kwa lita. Wanatumia vipimo viwili kwa siku, kama lita 4.3 kwa mwezi. Wanalipa 31,000 kwa mafuta ya 21,700.

Tukaenda hivyo hivyo kitu kwa kitu. Sembe wananunua nusu kilo kwa 900, wamekula kilo 18. Mfuko wa kilo 25 ni 36,000, kila kilo 1,440, kwa hiyo wamezidishiwa 6,480. Mchele kilo moja moja kwa 3,000, kilo 15. Ukichukua kilo 10 kwa mkupuo sokoni ilikuwa 2,600, tofauti 6,000. Sukari, tofauti ni 1,600 tu kwa mwezi mzima, na nilishangaa, nilidhani robo robo ndiyo inayoua.

Mkaa ni habari nyingine. Chini ya kitanda kuna mtungi wa gesi wa kilo sita, zawadi ya harusi. Mtupu. Kujaza ni 24,000, na nyumba hii haijawahi kuwa na 24,000 iliyokaa peke yake ikisubiri gesi. Inayo 1,500, kila siku, ya kopo la mkaa. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa hesabu za aina hiyo sijui wifi angewekwa upande gani: mtungi anao, jiko analo, na anapikia mkaa. Tukapiga hesabu ya mtungi mmoja kwa mwezi, na mkaa wa maharage mara mbili kwa wiki, ikaja 37,500. Dhidi ya 46,500, hiyo ni 9,000.

Jumla ya kununua kidogo kidogo: 32,380 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni 194,280. Ongeza 170,000 ya kausha damu, unapata 364,280, ambayo ukiigawa kwa sita ni 60,000 na ushee kila mwezi. Nusu ya kodi ya zamani.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria 20,000 za bibi. Mambo haya mawili, kodi ya mkupuo na mafuta ya kipimo, watu huyazungumza kama shida mbili tofauti. Moja ya wenye nyumba, nyingine ya wanawake wasiojua kupanga bajeti. Kwenye daftari hili ni kamba moja. Kodi ya miezi sita inakomba kila kilichopo na kuacha deni, deni linaiacha nyumba na hela ya siku moja tu mkononi, hela ya siku moja inanunua kipimo, na kipimo kinakula ile akiba ambayo ingelipa kodi ijayo. Kufika Julai mtu anajiuliza hela imeenda wapi. Imeenda mia tano mia tano.

Umeme wa watu sita

Nitoke nje kidogo niseme la LUKU, maana liliniudhi kuliko yote ingawa ni dogo.

Wapangaji sita wanachanga 10,000 kila mmoja. Ununuzi wa kwanza wa mwezi unakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Kodi hiyo ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021, wakati huo ilikuwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapanda hadi 1,500. Kwa haki ni deni la mwenye nyumba. Nilimwambia mdogo wangu amkate bibi kwenye kodi. Akacheka mpaka akakohoa.

Zinabaki 58,500, na kwa bei ya kawaida ya majumbani, kama 356 kwa uniti pamoja na kodi zake, ni uniti 164. Gawa kwa sita, ni uniti 27 kwa kila chumba. Sasa, Tanesco wana kundi la D1 kwa wateja wa matumizi madogo, wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, ambao wanalipa 122 kwa uniti pamoja na kodi. Uniti 27 kwa bei hiyo hazifiki 3,500. Kila mpangaji pale ndani ni maskini wa kutosha kustahili D1. Lakini mita ni moja, na mita inawaona wote sita kama tajiri mmoja mwenye uniti 164.

Maji ni hivyo hivyo. Dumu la lita 20 bibi anauza 100. Uniti ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50, kwa hiyo anaiuza 5,000, na bili yake yeye haikaribii nusu ya hiyo. Sikumlaumu sana. Bomba ni lake na pampu ikiharibika anatengeneza yeye.

Chanika

Mdogo wangu alikuwa na wazo lake: wahame. Mwenzake kazini anakaa Chanika, chumba na sebule 70,000, tena na uwanja wa kufuga kuku. Nusu kamili ya kodi mpya. Nusura anishawishi na mimi.

Tukaandika. Chanika hadi Gerezani alikuwa anakadiria 2,400 kwa siku kwa daladala za kuunganisha, na boda 1,000 asubuhi kufika barabarani, 1,000 usiku kurudi ndani. Hiyo ni 4,400 kwa siku, 114,400 kwa mwezi, badala ya 31,200. Ameokoa 70,000 kwenye kodi na ameongeza 83,200 kwenye nauli. Weka dalali mwezi mmoja, weka kirikuu ya kuhamisha vyombo. Weka kuamka saa tisa na nusu usiku.

Na bado hatujamtaja wifi. Wateja wake ni walimu, madereva wa bajaji na wanafunzi wa shule ile. Amewazoea kwa miaka mitatu, anajua nani anakula kitumbua cha moto na nani analipa Ijumaa. Ile 140,000 analipia pia kijiwe, na kijiwe hakipandi kirikuu. Wanaosema watu wa mjini wanapenda kubanana karibu na katikati ya jiji kwa ajili ya sifa wangekaa asubuhi moja pembeni ya karai la wifi.

Tulichojaribu

Mwisho wa Mei niliwakopesha 111,000 kutoka mfukoni mwangu, si za kikoba: dumu la mafuta 25,000, mfuko wa sembe 36,000, mchele kilo kumi 26,000, gesi 24,000. Hiyo ndiyo bei ya kutoka kwenye kipimo, 111,000 kwa mpigo mmoja. Mdogo wangu alibeba sembe kwenye daladala kwa siku yake na mafuta kwa siku yake, konda akamtoza mzigo mara zote mbili.

Nilitegemea kuokoa 32,380. Ilitokea kama 19,000. Mafuta yaliisha siku ya 24. Wifi alinieleza bila aibu: "Kipimo kinajizuia chenyewe. Dumu likiwa pale, mkono unainama." Harufu ya chapati za mafuta mengi ilimleta jirani kuazima kikombe cha unga, na unga ulioazimwa na jirani haurudi kwa kilo. Halafu akaja binamu kutoka Morogoro kutafuta kazi, akakaa wiki mbili. Nyumba inayonunua nusu kilo ina kisingizio cha kweli mbele ya mgeni; nyumba yenye mfuko kamili haina. Haya sikuyaweka kwenye hesabu yangu na nilipaswa kuyaweka, nimekulia kwenye nyumba kama hizo.

Chakula cha mchana tulifika mahali. Hotipoti mara tatu kwa wiki, siku nyingine mama ntilie kama zamani, kwa sababu pale kwa mama ntilie ndipo anaposikia nani anaajiri. Hiyo ilileta 19,500. Michango ilipungua kwa 40,000. Ukijumlisha na zile 22,100 za mwanzo, nyumba ikaanza kubaki na 100,600 kwa mwezi. Juni yote deni la Mangi lilifutwa, zikabaki 28,700. Idi ya kuchinja bosi aliwapa vijana 50,000 kila mmoja. Wifi aliongeza 21,300 za wiki mbili za Julai. Laki moja kamili, na kodi inataka 840,000.

Kwa bibi

Tulikwenda jioni, mimi na mdogo wangu, na mkungu mdogo wa ndizi. Nilijiandaa na hoja za sheria, nikaziacha njiani, maana sheria yenyewe haipo: ile ya 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba Tanzania Bara ilifutwa 2005, na tangu hapo ni mkataba wako na mwenye nyumba wako.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumsemea?"

Nikamwomba alipwe mwezi kwa mwezi. Alicheka. Alinihesabia wapangaji wawili waliohama usiku, mmoja na miezi minne kichwani, akanieleza safari zake za serikali ya mtaa na baraza la kata na nauli alizotumia. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Hela ya mwezi mwezi inaliwa, mwanangu. Miezi sita ndiyo inayoezeka bati." Ada ya mjukuu wake wa sekondari inatoka kwenye mkupuo wa Januari. Bati za mwaka juzi zilitoka kwenye mkupuo wa Julai. Bibi hana benki, hana kikoba, akishika 140,000 anaila kama mtu yeyote. Amewafanya wapangaji wake kuwa kibubu chake. Riba ya kibubu hicho analipa mdogo wangu kwa kausha damu, lakini hilo bibi halioni, na sikuona namna ya kumwonyesha bila kumtukana.

Tulimaliza hivi: miezi mitatu mitatu, 140,000 bila kupunguza hata mia, na mimi niwe mdhamini, nisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nilisaini. Kodi ikawa 420,000. Wao walikuwa na 100,000, nikawachukulia 320,000 kwenye kikoba kwa jina langu, riba asilimia 10, yaani 32,000 kwa miezi mitatu.

Pengo

Hapa ndipo wanaotoa semina za bajeti huwa wanafunga vitabu. Mkopo mbaya umeondoka, manunuzi yamepangwa, deni la Mangi limefutwa.

Lakini toa. Nyumba inabaki na 100,600 kwa mwezi. Kodi ni 140,000. Pungufu ni 39,400, kila mwezi, baada ya kubana kila kilichobanika. Nililipitia daftari mara ya pili nikitafuta nilichosahau. Nyama ya Jumapili? Hela ya mama? Sikupata kitu ambacho ningeweza kumwambia mtu akate nikiwa namwangalia usoni.

Wifi ndiye aliyeliziba. Kuanzia katikati ya Julai anapika tena jioni, uji na chapati, barazani pale pale nyumbani. Anapata 2,000 kwa siku baada ya gharama, 52,000 kwa mwezi. Bibi aliomba 10,000 "ya moshi". Zinabaki 42,000. Sasa ziada ni 142,600, kodi imelipika kwa shida. Ukiweka riba ya kikoba, kama 10,700 kwa mwezi, bado kuna upungufu wa 8,000 na kitu. Kwa hiyo Oktoba watakopa tena, na 111,000 zangu sijaziulizia. Ila nusu mwaka wa kikoba ni 64,000, na nusu mwaka wa kausha damu ulikuwa 170,000.

Wifi anaamka saa kumi alfajiri, anazima jiko saa tatu usiku, analala saa tano. Nilimuuliza usingizi uko safu ipi kwenye daftari. Akasema hajaambiwa auandike.

Mwisho wa Agosti alinitumia ujumbe: "Wifi gesi imekata leo. Nimerudi kwenye kopo la mkaa mpaka mshahara. Usimwambie kaka yako kwamba na mafuta nimechukua kipimo."

Kaka yangu ni yeye huyo huyo mumewe, mdogo wangu. Amezoea kumwita hivyo akitania. Nikamjibu aandike.